Rubani wa Ndege ya Mabomu na Watu Walio Chini Yake

Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vilivyoanza mwaka 1939 na kumalizika mwaka 1945, askari wengi wa Afrika Mashariki walipigana kwa miguu. Walikwenda Uhabeshi, Madagaska na Burma wakiwa katika jeshi la King's African Rifles, na waliorudi waliwasimulia watoto wao habari za matope, mvua, msitu na homa. Lakini wakati ule ule huko Ulaya kulikuwa na vita vya namna nyingine ambavyo wazee hao hawakuviona. Vita hivyo vilipiganwa usiku, juu ya mawingu, na vijana ambao wengi wao hawakuwa wametimiza umri wa miaka 25.

Askari wa miguu humwona adui wake, au angalau huona mahali alipojificha. Rubani wa ndege ya mabomu aliruka maili tatu na zaidi juu ya ardhi. Aliona moto, moshi na miali ya taa, asione uso wa mtu hata mmoja. Kwa sababu hiyo maisha ya Leonard Cheshire, mmojawapo wa marubani mashuhuri wa Uingereza katika vita vile, yafaa kujulikana na kila mwenye kuvaa sare, na pia na kila nyumba yenye baba, mume au mwana aliyevaa sare. Cheshire aliitumikia vita kwa uaminifu tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, kadiri cheo chake kilivyopanda, ndivyo alivyozidi kukaribia watu: wale waliokuwamo ndani ya ndege zake, na mara nyingine wale waliokuwa chini yake.

KIJANA WA CHUO

Leonard Cheshire alizaliwa tarehe 7 Septemba 1917, akakulia karibu na mji wa Oxford, ambako baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa sheria. Yeye naye alisoma sheria katika chuo hicho. Wakati wa masomo alijulikana zaidi kwa kupenda magari yaendayo mbio na starehe za ujana kuliko kwa bidii ya vitabu. Hata hivyo alijiunga na kikosi cha wanafunzi waliofundishwa kuendesha ndege, na vita vilipozuka mwaka 1939 akaingia katika Jeshi la Anga la Uingereza.

Mwezi wa Juni 1940 alipelekwa katika Kikosi cha 102, kilichokuwa kikitumia ndege za aina ya Whitley. Hakupewa ndege yake mara moja. Kwanza aliwekwa kuwa rubani msaidizi chini ya rubani mzoefu kutoka New Zealand, na huyo ndiye aliyemfunza mambo ambayo hakuyasahau maisha yake yote. Alimfunga kitambaa machoni akamtaka ataje na kushika kila chombo cha ndege gizani. Kisha akamwagiza akae katika nafasi ya kila mtu aliyekuwamo ndegeni: penye bunduki ya mkiani, penye redio, na penye meza ya ramani. Maana ya mafunzo hayo ilikuwa wazi. Nahodha asiyejua taabu ya mtu aketiye mkiani hawezi kumwamuru vema.

USIKU WA COLOGNE

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1940, Cheshire akiwa sasa nahodha wa ndege yake mwenyewe, alitumwa Ujerumani. Juu ya mji wa Cologne kombora la mzinga lilipasuka karibu na ndege. Fataki kubwa ya kumulikia shabaha, iliyokuwa ndani ya ndege, nayo ikalipuka. Ubavu wa ndege ukapasuliwa tundu kubwa, moto ukawaka ndani, na ndege ikaporomoka huku rubani hana uwezo wa kuona vizuri.

Wenzake waliuzima moto kwa mikono yao. Mwendesha redio, kijana aliyeungua vibaya usoni na mikononi, aliomba aongozwe hadi kwenye chombo chake apate kuwasiliana na nyumbani. Cheshire aliishika ndege ile iliyopasuka, upepo wa baridi kali ukivuma ndani yake, mpaka akaifikisha Uingereza na watu wote wakiwa hai. Kwa kazi ya usiku ule alipewa nishani ya DSO akiwa na umri wa miaka 23. Msomaji na azingatie kwamba nishani ilivaliwa na mmoja, lakini ndege ilirudishwa na wote.

WATU SABA KATIKA NDEGE MOJA

Baadaye zilikuja ndege kubwa zaidi zenye injini nne, yaani Halifax na Lancaster. Kila moja ilichukua watu saba: rubani, mhandisi, mwongoza njia, mtupa mabomu, mwendesha redio, na wapiga bunduki wawili, mmoja juu ya mgongo wa ndege na mwingine mkiani. Rubani ndiye aliyekuwa nahodha. Hata kama cheo chake kilikuwa sajini tu na mwongoza njia alikuwa ofisa, wakiwa angani amri ilikuwa ya rubani.

Watu hao saba kwa kawaida hawakupangwa pamoja kwa karatasi ya ofisi. Katika shule za mafunzo waliingizwa ndani ya jengo kubwa la ndege, marubani na wapiga bunduki na wengineo, wakaambiwa watafutane wenyewe. Vijana wasiojuana walitazamana, wakaulizana majina, wakakubaliana. Baada ya saa moja mtu alikuwa amekwisha kuchagua wale ambao huenda angekufa pamoja nao.

Siku ya safari ilikuwa na desturi zake. Asubuhi ndege ilijaribiwa. Mchana watu waliitwa katika chumba cha maelezo, pazia likafunuliwa ukutani, na uzi mwekundu juu ya ramani ukaonyesha mji wa kwendwa. Ukifika karibu, watu walipumua. Ukifika Berlin, chumba kilinyamaza. Kisha walipewa chakula chenye mayai, jambo la anasa katika nchi ambayo raia waligawiwa yai kwa kipimo. Wengine walipewa vidonge vya kuondoa usingizi. Walikabidhi barua na vitu vya mifukoni ambavyo vingeweza kumsaidia adui, wakachukua miavuli yao, wakapelekwa na lori hadi penye ndege.

Rubani wa Lancaster aliketi na petroli galani zaidi ya 2,000 katika mabawa na mabomu ya tani nne au zaidi chini ya sakafu. Hakuwa na rubani msaidizi. Zaidi ya futi 10,000 walivuta hewa ya oksijeni kwa barakoa, na mpiga bunduki wa mkiani alikaa katika baridi iliyoweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, peke yake, akitazama nyuma kwa saa sita, saba au nane. Taa kubwa za adui zilipoinasa ndege, rubani aliipindua kushoto na kulia, chini na juu, mfano wa mpopo wa nazi katika dhoruba. Lakini alipofika penye shabaha hakuruhusiwa kupinda. Ilimlazimu aende sawasawa, bila ya kutikisika, mpaka mabomu yadondoke. Na baada ya hapo aendelee vivyo hivyo kwa muda wa nusu dakika, ili picha ipigwe kuthibitisha mahali yalipoangukia. Marubani wengi walisema kwamba katika safari yote hakuna wakati uliokuwa mrefu kama nusu dakika ile.

Zamu moja ilikuwa safari 30. Aliyezimaliza alipumzishwa, akawafundisha wengine, kisha angeweza kuitwa tena. Walioruka katika majeshi ya mabomu ya Uingereza walikuwa kama 125,000, na kati yao 55,573 walikufa. Maana yake, katika kila watu 100 walipotea karibu 44. Ni majeshi machache ya upande wa Uingereza yaliyopata hasara ya kiasi hicho.

WALIOBAKI NYUMBANI

Katika vita hivyo nyumba zilikuwa karibu sana na mapigano kuliko ilivyokuwa desturi ya vita vya zamani. Rubani aliweza kunywa chai na mke wake saa kumi alasiri, akawa juu ya Ujerumani usiku wa manane, akarudi kabla ya jua kuchomoza. Wake wengine walipanga vyumba katika vijiji vilivyokaribiana na viwanja vya ndege. Walizisikia ndege zikiondoka, na kabla ya alfajiri wakalala macho wakihesabu ngurumo za kurudi.

Ndege isiporudi, maofisa maalumu waliingia chumbani mwa mtu aliyepotea, wakakusanya nguo, picha na barua zake, na kuzikagua kabla ya kuzipeleka kwa wazazi au mke. Kitanda kilitandikwa upya, na huenda jioni ile ile mgeni akakilalia. Nyumbani simu ya maandishi ilifika, nayo ilisema tu kwamba fulani hakurudi. Hapo familia ilianza kungoja bila ya kujua kama inangoja mtu au inangoja habari za kaburi.

Jambo hilo liliwafikia wazazi wa Cheshire wenyewe. Mdogo wake, Christopher, naye alikuwa rubani wa ndege ya mabomu. Mwezi wa Agosti 1941 ndege yake ilitunguliwa katika safari ya Berlin. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa hai, mfungwa mikononi mwa Wajerumani, akabaki huko mpaka mwisho wa vita. Mama yule aliyekuwa na wana wawili tu alikuwa na mmoja kifungoni na mwingine angani.

MKUU WA KIKOSI

Mwezi wa Agosti 1942 Cheshire alifanywa mkuu wa Kikosi cha 76. Alikikuta kikosi kimepoteza watu wengi na wenye kubaki wamevunjika moyo. Ndege zao za Halifax zilikuwa nzito, zisizoweza kupanda juu vya kutosha. Cheshire alichunguza jambo hilo mwenyewe, akaagiza mnara wa bunduki wa mbele na ule wa mgongoni uondolewe pamoja na vifuniko vya moshi wa injini. Ndege zikawa nyepesi, zikaenda juu na mbio zaidi.

Aidha, alijifunza majina ya watu wake, na si ya marubani peke yao. Alimjua fundi aliyebadilisha plagi za injini katika theluji, akampa mkono na kumshukuru. Ilipotokea kwamba kuna vijana wapya wenye wasiwasi, alipanda pamoja nao kama rubani msaidizi, akakaa kimya pembeni, akaenda walikokwenda. Mkuu anayeketi ofisini hukaguliwa kwa karatasi. Mkuu anayepanda ndege ya kuruta hukaguliwa na kuruta mwenyewe.

Hata hivyo haki yataka upande wa pili usemwe. Walikuwapo watu ambao baada ya safari kumi au ishirini hawakuweza tena kupanda. Mikono ilitetemeka, usingizi ulitoweka. Sheria ya wakati ule iliwaita watu wasio na moyo, ikawanyang'anya alama ya kuruka na hata vyeo. Cheshire aliwaondoa upesi katika kikosi, akihofia kwamba woga wao ungeambukiza wengine na kuwaua. Baada ya vita alikiri kwamba katika jambo hilo alikuwa mkali sana. Leo waganga wanajua kwamba wengi wa vijana hao walikuwa wagonjwa. Walikuwa wameutumia ujasiri wao mpaka ukaisha, kama vile akiba ya chakula inavyokwisha ghalani wakati wa kiangazi. Familia yenye mtu aliyerudi kutoka vitani, asiyelala usiku na mwenye kushtuka kwa mlango kubamizwa, itaelewa maneno haya bila ya kuelezwa zaidi.

LIMOGES

Mwaka 1943 Cheshire alipandishwa cheo akiwa na umri wa miaka 25, akawa mkuu wa kituo cha mafunzo. Cheo hicho kilimwondoa angani. Hakukipenda. Aliomba ashushwe cheo ili apate kukiongoza Kikosi cha 617, ambacho mwezi wa Mei mwaka ule kilikuwa kimebomoa mabwawa makubwa ya Ujerumani. Ombi lake likakubaliwa.

Katika kikosi hicho aliona kwamba mabomu yaliyotupwa kutoka juu sana mara nyingi yalikosa shabaha. Akapendekeza kwamba ndege moja ishuke chini kabisa, iweke alama ya moto juu ya shabaha yenyewe, na ndege nyingine zilenge alama hiyo. Kazi hiyo ya hatari aliichukua yeye mwenyewe.

Usiku wa tarehe 8 Februari 1944 waliamriwa kupiga kiwanda cha injini za ndege katika mji wa Limoges, Ufaransa. Kiwanda kiliwafanyia kazi Wajerumani, lakini wafanyakazi wa usiku walikuwa Wafaransa, wengi wao wanawake, na nyumba za raia zilikuwa karibu. Amri ilikuwa kwamba raia wasiuawe. Cheshire alishuka na ndege yake kubwa ya Lancaster, akapita juu ya mapaa ya kiwanda kwa ngurumo ya injini nne. Akazunguka, akapita mara ya pili. Akazunguka, akapita mara ya tatu. Kila alipopita alijiweka wazi kwa bunduki za adui, na kila alipopita watu walizidi kutoka mbio kwenda kujificha. Ilipofika mara ya nne aliangusha mabomu ya moto katikati ya kiwanda kutoka chini ya futi 200. Ndege nyingine zililenga moto ule, na kiwanda kikaharibiwa vibaya.

Tendo hilo lisikuzwe kupita kiasi. Juu ya miji ya Ujerumani Cheshire hakuzunguka mara tatu kuwaonya watu, na mamia ya maelfu ya raia wa Ujerumani, wakiwamo watoto na wazee, walikufa kwa mabomu ya Waingereza na Wamarekani. Vita vilikuwa vikali, na Ujerumani ya Hitler nayo ilikuwa imeteketeza miji ya wengine. Lakini Limoges inaonyesha kwamba hata ndani ya amri ya kubomoa mna nafasi ya mtu kuchagua, na kwamba nafasi hiyo ina gharama. Aliyetaka kuokoa watu wa chini ilimpasa kwanza ashuke.

Mwezi wa Julai 1944, baada ya safari 100, wakubwa walimkataza kuruka tena vitani. Mwezi wa Septemba alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kwa kawaida hutolewa kwa tendo moja. Yeye alipewa kwa ushujaa wa miaka minne mfululizo.

NAGASAKI, KISHA KITANDA KIMOJA

Safari yake ya mwisho ya vita hakuiendesha yeye. Tarehe 9 Agosti 1945 alikuwa mtazamaji katika ndege ya Wamarekani, mmoja wa Waingereza wawili waliotumwa kushuhudia bomu la atomiki likiangushwa juu ya Nagasaki, Japani. Ndege yao ilichelewa, ikawa mbali, juu sana. Aliona mwanga, kisha wingu likipanda. Hakuona mtu. Na chini ya wingu lile, kufikia mwisho wa mwaka, walikuwa wamekufa watu wapatao 70,000.

Cheshire hakubadili maoni yake kwamba bomu lile lilikatiza vita na kuzuia vifo vingine. Aliyashikilia hadi uzeeni, na wako wengi waliompinga. Lakini alirudi kwao akiwa na swali juu ya namna ya kuitumia amani iliyonunuliwa kwa bei ile. Alitoka jeshini mwaka 1946. Akajaribu kuanzisha makao ya ushirika kwa askari waliostaafu. Ushirika ukavunjika, ukamwachia madeni na jumba kubwa tupu lililoitwa Le Court.

Mwaka 1948 aliletewa habari za mwanamume mmoja, aliyewahi kutumikia Jeshi la Anga, ambaye alikuwa akifa kwa saratani na hakuwa na pa kwenda. Cheshire hakuwa na fedha wala elimu ya uuguzi. Alimchukua akamweka Le Court, akampikia, akamwosha, akamfulia mashuka, akakaa naye usiku. Mgonjwa alifariki mwezi wa Agosti mwaka ule. Kabla ya hapo wengine walikwisha kuanza kuja.

Ndivyo zilivyoanza nyumba za Cheshire za watu wenye ulemavu na magonjwa ya kudumu. Yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu akalazwa hospitali zaidi ya miaka miwili, lakini kazi haikusimama. Mwaka 1959 alimwoa Sue Ryder, mwanamke aliyewasaidia kwa miaka mingi watu walioharibiwa na vita. Hata kufikia kifo cha Cheshire, tarehe 31 Julai 1992, nyumba hizo zilikuwa zimeenea katika nchi karibu 50, Kenya na Uganda zikiwamo. Pale Katalemwa, karibu na Kampala, watoto wengi wenye ulemavu wamepata kufundishwa kusimama na kutembea katika nyumba yenye jina la rubani yule.

Wahenga husema, aliye juu mngojee chini. Msemo huo hutumiwa kumwonya mwenye kiburi kwamba ataanguka. Cheshire hakuangushwa na mtu; alishuka mwenyewe, kwanza katika cheo, kisha juu ya paa la kiwanda, na mwisho mpaka kitandani pa mgonjwa mmoja. Askari au polisi wa leo huenda asiguse ndege maisha yake yote. Lakini kila mwenye amri amewekwa juu ya watu fulani, na kutoka juu watu huonekana wadogo. Ni wajibu wake ashuke mara kwa mara awatazame: kuruta anayetetemeka, mke anayengoja nyumbani, raia aliyeko upande wa pili wa mtutu wa bunduki. Na askari aliyerudi nyumbani na kiungo kilichopotea, au na usingizi uliopotea, asiachwe apigane peke yake vita vinavyobaki.